Usaili wa Kazi ya Serikali Huanza Shuleni

Tangazo la nafasi ya chifu linapobandikwa kwenye ubao nje ya afisi ya utawala mjini Garissa, habari zake hazikai hapo ubaoni. Kufikia jioni zimekwisha kufika Dadaab, Balambala, Ijara na Hulugho, na kufikia siku ya pili wazee wa kila ukoo wamekwisha kuketi chini ya mti wao kumtafuta mtu wao. Vijana waliosoma, ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kushika kalamu, aghalabu ndio wa mwisho kujua. Na wanapojua, wengi wao hukata tamaa papo hapo na kusema, "Nafasi hiyo ina mwenyewe."

Kauli hiyo fupi ndiyo ninayotaka kuijadili leo mbele ya walimu na wanafunzi. Si ya kweli kabisa, wala si uongo mtupu. Wapo walioipata kazi kwa haki yao bila ya kumjua mtu yeyote, na wapo waliopokonywa tonge mdomoni. Lakini hoja yangu ni kwamba kijana wa Kaskazini Mashariki huanguka usaili kabla hajalifikia jopo. Mengi katika yale yanayomwangusha yangeweza kurekebishwa angali yumo darasani. Yaliyosalia ni deni la serikali, na deni halifi kwa kunyamaziwa.

Kwanza tuelewe ni kwa nini kazi ya utawala ina uzito wa pekee katika eneo hili. Kwa miaka mingi ya ukoloni, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilikuwa eneo lililofungwa. Mtu hakuingia wala kutoka bila ya kibali, na sheria ya wilaya maalum ya mwaka 1934 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo mkubwa juu ya mwendo wa watu na mifugo yao. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini kabla ya mwezi huo kwisha, vita vya shifta vikaendelea hadi mwaka 1967, na sheria za dharura hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Mwananchi wa Nyeri au Kakamega aliijua serikali kupitia kwa daktari, bwana shamba, mwalimu na barabara ya lami. Mwananchi wa Garissa aliijua kupitia kwa chifu, mkuu wa tarafa, mkuu wa wilaya na askari. Si ajabu basi kwamba hadi leo wapo wazee ambao wakivuka daraja la Mto Tana kuelekea Nairobi husema wanakwenda Kenya.

Katika mazingira hayo, anayekalia kiti cha utawala ndiye sura ya taifa zima machoni pa watu wake. Na kiti chenyewe hakijawa cha starehe. Mnamo Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo na mmoja wa Waafrika wa kwanza kushika wadhifa huo nchini, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dida walipokuwa katika shughuli za kikazi. Wengi hupita katika Barabara ya Wabera jijini Nairobi bila ya kujua jina hilo limetoka wapi. Miaka zaidi ya 60 baadaye, mnamo Februari 2025, machifu watano walitekwa nyara karibu na Elwak katika Kaunti ya Mandera, wakaachiliwa huru mwezi wa Aprili baada ya takriban miezi miwili. Kijana anayeiomba kazi hii kwa sababu ya kofia na mshahara pekee hajajua anaomba nini.

Hata hivyo wapo waliotoka huku na kupanda ngazi yote. Marehemu Mohamed Yusuf Haji, mwana wa Garissa aliyefariki mwaka 2021 akiwa seneta wa kaunti hiyo, aliingia utawala wa mikoa akiwa kijana katika miaka ya 1960, akapanda hadi kuwa mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa, wadhifa alioushika hadi mwaka 1997. Kila mtu ana maoni yake kuhusu utawala wa mikoa wa enzi hizo, na historia ya Bonde la Ufa katika miaka ya 1990 ina maswali mazito. Lakini safari hiyo inatufundisha jambo moja: milango ni miwili, wala haifanani.

Mlango wa kwanza ni wa chifu na naibu wake. Hawa huajiriwa kutoka miongoni mwa wakazi wa lokesheni au lokesheni ndogo yenyewe, na cheti cha kidato cha nne huwa ndicho msingi. Mlango wa pili ni wa kamishna msaidizi wa kaunti, aliyekuwa akiitwa mkuu wa tarafa au bwana D.O. kabla ya Sheria ya Uratibu wa Serikali ya Kitaifa ya mwaka 2013. Nafasi hizo hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma, hudai shahada ya chuo kikuu, na aliyefaulu hufunzwa kisha hupelekwa kokote katika jamhuri. Msichana wa Masalani anaweza kujikuta Kisii, na mvulana wa Modogashe akajikuta Turkana. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anastahili kuijua tofauti hii mapema. Wengi hungojea kufa kwa chifu wa kijiji chao ilhali shahada waliyo nayo ingewafungulia mlango mpana zaidi.

Sasa tutazame yanayomwangusha mwombaji. La kwanza ni karatasi. Hakuna tangazo la kazi ya serikali lisilodai kitambulisho cha taifa, na hapo ndipo kijana wa Kaskazini Mashariki alipoachwa nyuma na wenzake kwa miongo mingi. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni kuhakikiwa uraia wao na kupewa kadi za ziada, jambo ambalo halikufanyiwa jamii nyingine. Baada ya hapo kamati za uhakiki ziliendelea kukaa: kijana alitakiwa aje na wazee, amtaje babu na ukoo, kisha angoje. Mwenzake wa Murang'a alikipata kitambulisho katika majuma machache. Yeye angeweza kungoja miaka. Mnamo Februari 2025, akiwa katika ziara ya eneo hili, Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuuondoa uhakiki huo wa pekee. Ni hatua iliyongojewa kwa muda mrefu. Lakini tangazo si kitambulisho, na kipimo chake kitakuwa siku ambazo kijana wa Liboi anangoja kadi yake zikilinganishwa na za kijana wa Thika.

Lipo kundi jingine lenye msiba wake. Kambi za Dadaab zilipofunguliwa mwaka 1991 na ukame ukafuata, familia nyingi za Wakenya waliokuwa na njaa ziliwaandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate chakula cha msaada. Alama za vidole za watoto hao zikabaki katika daftari la wakimbizi. Walipotimiza miaka 18 na kwenda kutafuta kitambulisho, mashine ilisema wao si Wakenya. Maelfu wameishi hivyo: wamesoma, wamefaulu, lakini hawawezi hata kuijaza fomu ya kazi ya naibu wa chifu. Hao hawakuanguka usaili. Hawakuruhusiwa hata kuukaribia.

La pili ni jina, na hapa nawageukia walimu. Mila ya Kisomali humpa mtoto jina lake, la baba na la babu. Hakuna jina la ukoo linalorithiwa kama fomu nyingi zinavyodhani, na mwanamke aolewapo hachukui jina la mumewe. Isitoshe, jina moja lina maandishi mengi. Mohamed, Mohammed, Muhumed na Maxamed huweza kuwa mtu mmoja, kwa kuwa maandishi rasmi ya Kisomali yaliyoanza mwaka 1972 hutumia herufi kwa namna yake. Cheti cha kuzaliwa kikisema hivi, cheti cha mtihani wa taifa kikisema vile, na kitambulisho kikasema la tatu, mwombaji huonekana kuwa watu watatu. Huanza kukimbizana na hati za kiapo mahakamani huku tarehe ya mwisho ya tangazo ikimpita.

Makosa hayo mara nyingi huzaliwa shuleni, siku ile mwalimu anapoandika majina ya watahiniwa kwa haraka ili kuwahi usajili wa mtihani. Mwalimu akiitumia saa moja kulinganisha daftari lake na vyeti vya kuzaliwa, na kumtaka kila mwanafunzi alihakiki jina lake kwa macho yake mwenyewe, atakuwa amemwokolea kijana miezi ya mahangaiko. Vivyo hivyo kwa tarehe ya kuzaliwa. Wako wengi walioandikiwa Januari mosi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza, na umri huwa ni sharti katika matangazo ya kazi hizi.

La tatu ni vyeti vya maadili. Katiba ya mwaka 2010, katika Sura ya Sita, ilidai uadilifu kwa viongozi, na kutokana na hayo waombaji wa kazi za umma wamezoea kutakiwa kuleta vyeti kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, Mamlaka ya Ushuru, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na mashirika ya kukagua madeni. Nia ni njema. Lakini kwa kijana asiye na kipato, vyeti hivyo ni nauli, ada na siku. Nairobi ni umbali wa takriban kilomita 370 kutoka mji wa Garissa, na kutoka Mandera ni zaidi ya kilomita 1,000. Vituo vya Huduma na maombi ya mtandaoni vimepunguza mzigo huo mjini, ila mtandao wenyewe haujafika kila kisima. Haki ingekuwa kuwadai vyeti hivyo wale tu waliofaulu usaili. Kumtoza ada maskini mia ili hatimaye achaguliwe mmoja ni kodi isiyotajwa kwa jina.

Barua yenyewe ya maombi pia ina lawama zake. Vijana wengi hunakili barua iliyoandikwa na mwingine na kuitia sahihi, bila hata ya kubadilisha jina la lokesheni. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza hufundisha uandishi wa barua rasmi kwa ajili ya mtihani. Laiti wangemtaka kila mwanafunzi wa kidato cha nne aandike barua ya kuomba kazi halisi, iliyotangazwa gazetini juma hilo, na kuambatisha wasifu wake. Mwanafunzi ataona kwamba nambari ya tangazo, tarehe ya mwisho na sifa zinazotakiwa si mapambo. Anayekagua maombi mamia kwa mamia hutafuta sababu ya kuiweka kando karatasi moja. Mwombaji asimpe sababu hiyo yeye mwenyewe.

Tufike sasa kwenye chumba cha usaili. Hapa pana jambo ambalo vitabu havilisemi. Mtoto wa Kisomali, kama wa Kiorma na wa Kiboni, hulelewa kwa adabu fulani: hamkazii macho mkubwa wake, hamkatizi, hajisifu, na akiulizwa jambo zito hunyamaza kidogo kwanza. Mbele ya jopo lenye mtu kutoka sehemu nyingine ya nchi, adabu hiyo hugeuka kuwa hatia. Kuinamisha macho huitwa woga, kutojisifu huitwa kukosa sifa, na kunyamaza huitwa kutojua. Mwombaji aliyelelewa vyema huondoka na alama chache kuliko yule aliyelelewa hovyo.

Simwambii kijana aitupe adabu yake mlangoni. Namwambia ajue kwamba usaili ni baraza lenye kanuni zake, kama vile wazee walivyo na kanuni zao chini ya mti. Barazani hapo, kueleza ulichofanya si majivuno bali ni ushahidi. Badala ya kusema "mimi ni kiongozi bora", aseme, "Katika ukame, nilikuwa katibu wa kamati ya kisima chetu, tulikuwa na zamu za kunywesha, na hivi ndivyo tulivyozuia ugomvi." Maneno hayo hayana majigambo, na hakuna jopo litakaloyapuuza. Ukweli ni kwamba kijana aliyekulia katika ufugaji amekwisha kushuhudia utatuzi wa migogoro ya malisho na maji kuliko mhitimu wa jiji aliyeusoma kitabuni. Anachokosa ni mazoezi ya kuyaeleza.

Na maswali hayatoki mbinguni. Mwombaji wa uchifu ataulizwa kuhusu Sheria ya Machifu, mipaka ya madaraka yake, tofauti ya kazi za serikali ya kitaifa na za serikali ya kaunti, usalama wa mpakani, ndoa za mapema, ukeketaji wa wasichana na watoto wasiokwenda shuleni. Ataulizwa angefanya nini iwapo mshukiwa ni binamu yake. Mambo hayo yote yamo katika masomo ya historia, uraia na dini, ila yamefundishwa kama majibu ya mtihani. Chama cha mjadala kingeweza kuandaa usaili wa kuigiza kila muhula: wanafunzi watatu wawe jopo, mmoja awe mwombaji, darasa litoe alama na kueleza sababu. Gharama yake ni viti vinne tu. Faida nyingine ni lugha, kwa kuwa wengi huijua hoja kwa Kisomali lakini Kiswahili na Kiingereza huwakwama kooni wanapotazamwa na watu wasiowajua.

Hadi hapa nimesema na mwombaji. Lakini itakuwa dhuluma kumtwisha yeye mzigo wote. Ile kauli kwamba "nafasi ina mwenyewe" ina mizizi miwili: rushwa na mgao wa koo.

Kuhusu rushwa, maneno ni machache. Tume ya Utumishi wa Umma haitozi ada ya kuomba kazi, wala ya usaili, wala ya barua ya ajira, na matangazo husema wazi kwamba anayewatumia watu kumshawishi mwajiri atafutwa. Anayeuza ng'ombe ili mwanawe awe chifu amenunua hasara mbili: fedha zake, na chifu atakayezirudisha fedha hizo kutoka kwa wajane na wenye kesi za mashamba.

Kuhusu koo, suala ni gumu zaidi, na wanaolipuuza hawaijui Garissa. Chifu asiyekubaliwa na watu hawezi kupatanisha. Wazee wanapotaka lokesheni zigawanywe kwa uwiano, hawatafuti ulafi peke yake, wanatafuta amani. Hata Katiba, katika Ibara ya 232, inataka ajira ya umma iwe ya ushindani wa haki na ustahili, na papo hapo inadai uwakilishi wa jamii mbalimbali na nafasi sawa kwa wanaume, wanawake na watu wenye ulemavu. Kwa hiyo uwiano na ustahili si maadui. Huwa maadui pale tu uwiano unapofanywa gizani. Ikiwa sehemu fulani imepuuzwa, na isemwe waziwazi katika tangazo, kisha wana wa sehemu hiyo washindane kwa alama na alama zitangazwe. Orodha ya wazee inayopitishwa kwa bahasha haileti uwiano. Humpa mtu mmoja ulaji kwa jina la wengi.

Na tukiidai haki Nairobi, tuitoe nyumbani. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa wasiotoka katika jamii kubwa ya kaunti. Msomali wa Garissa huitaja sheria ya kwanza kwa sauti kubwa anapotazama wizara za Nairobi. Je, huitaja ya pili anapomtazama Mmunyoyaya wa kando ya Mto Tana, au Mboni wa Ijara? Nyani haoni kundule. Na je, wasichana wanaofaulu katika shule zetu wameona wanawake wangapi wakivaa sare ya chifu?

Mwalimu anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu sana. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, ambamo watu 148 waliuawa, na tena baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe mnamo Januari 2020, walimu kutoka nje waliondoka kwa wingi, na madarasa mengi yakabaki bila mtu ubaoni. Shule iliyobaki humtegemea chifu: yeye ndiye anayeujua usalama wa njia, anayemrudisha darasani msichana aliyeozwa, anayemshawishi mfugaji amwache mtoto mmoja bwenini anapohama. Chifu asiyefaa huifunga shule bila ya kugusa kufuli. Anayefaa huweza kuiokoa. Kwa hiyo usaili wa chifu ni jambo la shule kama lilivyo jambo la serikali.

Tunachoidai serikali hakihitaji bajeti kubwa: kitambulisho kitolewe kwa muda ule ule kote nchini, na waliokwama katika daftari la wakimbizi waondolewe, vyeti vya maadili vidaiwe baada ya usaili, na matokeo ya kila usaili yabandikwe kwenye ubao ule ule uliobandikwa tangazo. Tunachowadai walimu ni kidogo zaidi: jina lililoandikwa sawasawa, barua moja halisi, na viti vinne vya mazoezi. Ama vijana, waombe. Dau la mnyonge haliendi joshi, walinena wahenga, ila hawakusema lisitiwe majini. Nafasi ambayo hakuna aliyesoma kuiomba ndiyo yenye mwenyewe kwa hakika.